Hiyo Chupa ya Dawa ya Pumzi Uliyonunua Mnadani, na Maswali Mengine ya Wasomaji

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni kijana wa miaka 21 nipo Nzuguni hapa Dodoma, nakimbia kilometa 10 na pia nusu marathoni. Mwezi uliopita nilinunua mnadani chupa ya unga wa kahawia, aliyeniuzia alisema ni mizizi saba, dawa ya pumzi, elfu kumi na tano. Dada nisikudanganye, siku ya kwanza tu nilipaa, nilitoka Nzuguni mpaka Ihumwa kama sijafanya kitu. Sasa hivi nisipoinywa sina hamu ya kukimbia, usiku silali, na moyo unadunda hata nikiwa nimekaa. Wenzangu wanasema nisiogope, mitishamba haina madhara na hata ukipimwa haionekani. Nina mbio kubwa mbeleni, niendelee au niache?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Acha leo. Usisubiri iishe eti kwa sababu umeshailipia. Kesho asubuhi nenda hospitali iliyo karibu na wewe na hiyo chupa mkononi, wakupime presha na mapigo, na kama wana kile kipimo cha umeme wa moyo waombe wakufanyie. Usione aibu kusema ulichokunywa maana daktari hawezi kukusaidia kwa kitu ulichomficha. Na ikitokea kifua kinabana, au unaona giza unataka kuzimia, hapo hamna cha kusubiri asubuhi, nenda usiku huohuo.

Sasa nikwambie kwa nini nimeshtuka. Mimi ni mfamasia, nimekaa nyuma ya kaunta miaka mingi na kukimbia nimekimbia, na kwenye barua yako mizizi saba haikunitisha kabisa, kilichonitisha ni hayo maneno "siku ya kwanza tu nilipaa". Mlonge haukupaishi siku ya kwanza. Ubuyu haukupaishi siku ya kwanza. Hivi ni vyakula, vinajenga taratibu kama ugali unavyojenga, na ukila mwezi mzima ndo unaweza kusema labda naona tofauti. Kitu kinachokurusha ndani ya nusu saa, kinakunyima usingizi, kinadundisha moyo, alafu ukikikosa unajiona umeisha, hicho ni kichangamsho. Na kichangamsho kinaingia kwenye unga usio na lebo kwa njia mbili tu, ama kuna mmea ambao kweli una nguvu hiyo, ama kuna mtu amesaga vidonge akachanganyia humo ili mteja arudi. Ni lipi kati ya hayo lipo kwenye chupa yako, hiyo ni kazi ya maabara, lakini mwili wako umeshakupa jibu la kutosha la kuiacha.

Mimea ya namna hiyo ipo. Wachina wana efedra, wanaitumia tangu zamani kwa mafua na kifua, ndani yake kuna efedrini. Marekani iliuzwa sana kama dawa ya asili ya kupunguza mwili na kuongeza nguvu, mpaka Februari 2003 mchezaji wa baseball wa Baltimore Orioles, Steve Bechler, miaka 23 tu, akaanguka mazoezini Florida, joto la mwili wake likapanda mpaka kama nyuzi 42 na kesho yake akafariki, na daktari aliyechunguza mwili alisema efedra ilichangia. Mwaka uliofuata Marekani wakaipiga marufuku. Nimekutajia huyu kwa sababu ya joto. Vichangamsho vinapandisha joto la mwili na vinabana mishipa ya ngozi ile ambayo ingetoa joto nje, na wewe unakimbia Dodoma, Oktoba na Novemba hapa unajua jua linavyokuwa hata saa nne asubuhi, hakuna kivuli barabara nzima. Hapa nyumbani kuna mirungi, inayo kathinoni na kathini, ni ndugu wa karibu wa zile amfetamini za kiwandani, na kwetu ni kosa la jinai kuwa nayo, sheria ya dawa za kulevya ya 2015 iko wazi. Kuna watu wanaisaga.

Unajua kinachofanyika mwilini? Pumzi hazijaongezeka. Mapafu ni yaleyale na damu ni ileile. Kilichozimwa ni ule uchovu unaokwambia punguza mwendo. Ni kama umeibandika geji ya mafuta ya pikipiki na gundi isishuke, unaendesha kwa raha zako unaona tenki limejaa, na mafuta yanaendelea kuisha vilevile.

Kuhusu hilo la kwamba mitishamba haionekani kwenye vipimo, mwambie aliyekwambia kwamba amekudanganya. Maabara haitafuti mzizi wala jani, inatafuta molekuli, na efedrini iliyotoka kwenye mmea na iliyotoka kiwandani ni kitu kimoja. Efedrini, kathini na kathinoni zote zipo kwenye orodha ya WADA, lile shirika la dunia linalopambana na dawa zilizokatazwa michezoni, kwa siku za mashindano. Na sheria yao ni ngumu, mchezaji anawajibika kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake, ukisema niliuziwa sikujua watakusikiliza na wanaweza kukupunguzia adhabu lakini matokeo ya ile mbio yameshafutwa. Kufungiwa kunaweza kwenda miaka miwili, na kwa dawa kama za kujenga misuli miaka minne. Wewe una miaka 21, hesabu mwenyewe utatoka na mingapi.

Na usidhani chupa yenye lebo nzuri ya dukani ndo iko salama. Maabara ya Cologne, Ujerumani, waliwahi kununua saplimenti 634 kutoka nchi 13 wakazipima, 94 zilikuwa na homoni za steroidi, zile za kujenga misuli, ambazo hazijaandikwa kwenye lebo, yani karibu 15 katika kila 100. Hiyo ni kazi ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 na zilizopimwa ni bidhaa zenye lebo, sembuse huyu wa mnadani anayefunga kwenye chupa ya maji.

Mwaka 2016 Mamadou Sakho wa Liverpool alipimwa akakutwa na higenamini, kitu kinachopatikana kwenye mimea, kilikuwa kwenye vidonge vyake vya kupunguza mafuta. Akasimamishwa, akakosa fainali ya Europa League, na Euro ya kwao Ufaransa hakucheza. Baadaye UEFA wakamfutia kesi kwa sababu wakati huo haikuwa wazi kama hiyo higenamini imekatazwa, na mwaka 2020 WADA wakamwomba radhi na kumlipa, lakini fainali hairudiwi. Na kuanzia 2017 higenamini imetajwa kwa jina lake kwenye orodha, kwa hiyo atakayekutwa nayo leo hana pa kujitetea kama alivyojitetea Sakho. Huyo alikuwa na klabu tajiri na mawakili, mdogo wangu. Wewe una nani?

Ukiacha, wiki ya kwanza utajisikia mzito, miguu kama ya mtu mwingine, usingizi wa mchana, hasira kidogo. Itapita. Wiki hiyo usikimbie kwa nguvu, tembea, lala, kunywa maji, kula. Alafu anza upya taratibu, siku nyingi za mwendo ambao unaweza kuongea na mwenzako huku mnakimbia, na siku moja au mbili kwa wiki ndo unafungulia. Mimi najua hii haina utamu wa ile chupa. Lakini angalia Alphonce Simbu, mkimbiaji wa marathoni, mtoto wa Singida hapo jirani, 2016 Olimpiki ya Rio alikuwa wa tano, 2017 London akapata shaba ya dunia, na dhahabu ya dunia ameipata Tokyo Septemba 2025 kwa saa 2:09:48, akimshinda Mjerumani kwa tofauti ambayo kwa macho huwezi kuiona. Kati ya shaba na dhahabu kuna miaka minane ya mazoezi.

Chupa yenyewe usiitupe. TMDA, ile mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wana ofisi hapa Dodoma, wapelekee ukitoka hospitali, maana na wenzako wananunua kwa mtu huyohuyo.

SWALI: Dada mambo, mimi niko Area D napiga jimu mwaka wa pili sasa. Jamaa kaniletea kapsuli za tribulus kutoka nje, elfu themanini na tano kopo moja, anasema zinapandisha testosteroni kiasili na misuli inajaa yenyewe. Nijilipue?

JIBU: Poa kaka. Kabla hujatoa hiyo pesa, toka nje kipindi mvua zimekatika, angalia pembeni ya njia utaona mmea umetambaa chini, una viua vidogo vya njano na vitunda vyenye pembe vikavu. Mbigiri. Ile inayotoboa matairi ya baiskeli na kuwafanya watoto wachechemee. Hiyo mbigiri ndo Tribulus terrestris, ndo hiyohiyo iko kwenye kopo lako la elfu themanini na tano, imevuka bahari ikarudi na picha ya mtu mwenye kifua.

Sikatai dawa kwa sababu inaota njiani, mwarobaini nao unaota njiani. Naikataa kwa sababu imepimwa na haikufanya kazi. Australia walichukua wachezaji 22 wa ragbi, watu wa mazoezi kweli, wakawagawa, wengine wakapewa tribulus miligramu 450 kwa siku na wengine vidonge bandia, wiki tano, wote wako kwenye mazoezi mazito. Mwisho wote waliongezeka nguvu, wa tribulus na wa bandia sawasawa, na kipimo cha mkojo cha testosteroni hakikuonyesha tofauti yoyote. Ilichapishwa 2007. Kilichowajenga ni vyuma na chakula.

Kwa hiyo kuna mambo mawili, na yote mabaya kwako. Kama kwenye kopo kuna mbigiri tupu, umenunua mbigiri. Na kama utaona kweli misuli inajaa haraka, chunusi zinatoka mgongoni, hasira zinakuja bila sababu, basi humo kuna steroidi wameficha, na hizo zikiingia korodani zinapumzika kutengeneza homoni yako mwenyewe, zinasinyaa, na unaweza kutafuta mtoto ukakosa.

Hiyo pesa kula nayo. Mtu anayenyanyua vyuma inamtosha kama gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, wewe kama una kilo 70 ni gramu 112. Yai moja lina kama gramu 6, karanga robo kilo zina zaidi ya 60, na maharage, maziwa na dagaa unavijua mwenyewe. Trei la mayai na kilo mbili za dagaa utanunua sokoni Majengo na chenji ya bajaji itabaki.

SWALI: Habari za kazi mwanangu. Mimi ni mwalimu wa michezo wilayani Kongwa, natayarisha mabinti wa mbio kwa ajili ya UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari. Watoto wanachoka haraka, wengine wanalalamika kizunguzungu. Nawapa juisi ya rozela na bitiruti ya kuongeza damu, na siku mbili kabla ya mashindano nawapa shubiri kidogo wasafishe tumbo wawe wepesi. Je niko sahihi? Kuna kingine cha asili naweza kuongeza?

JIBU: Shikamoo mwalimu. Kwanza asante, maana walimu wanaowaandalia watoto juisi kwa pesa yao ndo wanaoshikilia michezo ya shule zetu. Naomba nianze na shubiri, na naomba uiache kabisa. Utomvu wake unaharisha kwa kuufanya utumbo usukume maji na chumvi nje, ndo maana mtoto anajiona mwepesi, amepungua maji, mafuta hayajapungua hata gramu. Anaingia uwanjani na damu nzito na potasiamu imeshuka, ile inayofanya misuli na moyo vifanye kazi, alafu kuna jua. Mimi mwenyewe nikiwa chuo nilipewa kikombe cha kitu cheusi kichungu na mtu wa timu yetu usiku wa kuamkia mbio, akaniambia nitakuwa kama unyoya, kilometa ya 12 nikakaa chini pembeni ya barabara na tumbo limenishika sijui hata nimefikaje pale kwenye kivuli. Nilikuwa na miaka 22. Hawa wako wana 15, 16.

Sasa damu. Mwalimu, ule wekundu wa rozela na bitiruti hauna uhusiano na wekundu wa damu, ni rangi za mmea tu, za rozela zinaitwa anthosaini, na hata ukichemsha rozela ikawa nyekundu kiasi gani, damu haiongezeki kwa hiyo rangi. Damu inataka madini chuma. Binti anayekimbia, ambaye ameshaanza hedhi, anayekula ugali na mboga na chai mara mbili kwa siku, huyo yuko kwenye hatari ya kupungukiwa kabla hata hujamwona uwanjani. Na kizunguzungu sio cha kukisia. Wapeleke kituo cha afya wapimwe wingi wa damu, binti mkubwa akiwa chini ya gramu 12 kwa desilita moja ya damu amepungukiwa, na hapohapo wapimwe malaria, minyoo na kichocho, hasa wanaooga mabwawani, maana ukiwapa chakula kizuri na minyoo bado ipo unalisha minyoo. Vidonge vya madini chuma watapewa huko wakionekana wanahitaji, usiwanunulie wote kwa kukisia kwa sababu chuma kikizidi nacho kinadhuru.

Jikoni kuna mengi ya kufanya. Ugali wa uwele unazidi wa mahindi kwa chuma, wazee wa Kigogo hawakukosea, na maharage, dagaa, na maini pale yanapopatikana. Chai ihamishe, wasinywe pamoja na chakula, wakae kama saa nzima, kwa sababu chai inashika chuma tumboni kisiingie mwilini. Badala yake wape ubuyu, uloweke kwenye maji, au ukwaju, au limao kwenye mchicha, vitamini C inakifungulia chuma mlango. Ubuyu kwetu umejaa mpaka tunaudharau, na Ulaya wameupa kibali kuuzwa kama chakula kipya mwaka 2008, chakula kipya!

Ila bitiruti usiitupe, ina kazi nyingine nzuri tu ambayo imepimwa. Ina naitreti. Bakteria wa mdomoni wanaibadilisha, mwili unaimalizia kuwa gesi inayolegeza mishipa, na misuli inatumia oksijeni kidogo zaidi kwa kazi ileile, watu wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza walilionyesha hili 2009 na wengine wakalirudia. Faida yake ni ndogo, asilimia moja mpaka tatu hivi, ila kwenye mita 1500 asilimia moja ni hatua kadhaa. Wape glasi moja nzito saa mbili au tatu kabla ya mbio, na wajaribu kwanza kwenye mazoezi, wasije wakaijua siku ya mashindano. Wasisukutue na zile dawa za kuua bakteria mdomoni asubuhi hiyo, zinaua haohao wanaofanya kazi. Na uwaambie mapema kwamba mkojo unaweza kutoka mwekundu, la sivyo utakuwa na mabinti wanaolia chooni. Bitiruti ikikosekana, mchicha nao una naitreti nyingi, uchemshwe kidogo tu na ule mchuzi wake usimwagwe.

Rozela waendelee kunywa kama kinywaji, ni tamu na ina maji, ila yule mwenye kizunguzungu mwondolee kwanza, rozela inashusha presha.

SWALI: Nikimaliza kukimbia naumwa mapaja siku tatu. Tangawizi inasaidia au ni stori za mtaani? Msomaji, Kisasa.

JIBU: Inasaidia, ila sio ya siku moja. Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani waliwapa watu gramu 2 kila siku kwa siku 11, maumivu ya misuli yakapungua kama robo. Walipojaribu dozi moja tu siku ya kuumia, haikuondoa kitu hapohapo. Kwa hiyo weka kila siku kwenye chai au uji wako, kijiko kidogo cha unga kinatosha, ila kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda ongea na daktari wako kwanza. Na punguza kushuka milima kwa kasi, ndo kunakokuumiza mapaja.

SWALI: Mimi nina miaka 47, naendesha bodaboda, Jumapili nacheza bonanza la maveterani. Kuna dawa ya asili ya nguvu za kiume, wenzangu wanakunywa kabla ya mechi wanasema inaongeza mbio. Nina presha, ya kunywa mimi au sio ya kunywa?

JIBU: Sio ya kunywa wewe kaka yangu, na naomba uwaambie na wenzako. Dawa nyingi za aina hiyo zinazouzwa kama mitishamba mitupu zimekutwa duniani kote na sildenafili ndani, ile ya kwenye Viagra, imesagwa bila kipimo. Inafungua mishipa ya damu. Wewe una presha, na kama unatumia dawa zake, nazo zinashusha, ukizikutanisha na jua na kukimbia unaweza kuanguka uwanjani, na kama kuna mwenzenu anatumia vile vidonge vya moyo vya kuweka chini ya ulimi, kwake mchanganyiko huo unaua.

Kama unataka kitu cha kukuamsha kabla ya mechi, kahawa inafanya kazi kweli na kafeini yake WADA waliitoa kwenye orodha ya vilivyokatazwa tangu 2004, ila kwa mwenye presha kama wewe anza na kikombe kimoja kidogo, na kwanza upimwe presha ikiwa imetulia. Hospitali za wilaya na vituo vya afya wanapima, dakika tano tu. Nenda Ijumaa, usiende Jumatatu baada ya mechi.